Kalamu na Mgeni: Mtafiti kama Mteja wa Mnakili wa Miswada katika Upwa wa Waswahili, 1880–1940



1. Utangulizi

Naomba nianze kwa kisa kifupi cha siku zangu za mwanzo katika kazi ya utafiti. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, nilikwenda katika mji mmoja wa pwani kujifunza kwa mzee aliyejulikana kwa kusoma na kunakili tenzi. Watu walimwita katika matanga na katika mikesha, wakampa walichojaaliwa. Kwa muda wa wiki tatu mzee yule alinisomea utenzi mmoja mrefu, kila siku baada ya sala ya alasiri. Alisoma polepole, kipande kwa kipande, akiitazama kalamu yangu imalize ndipo aendelee. Sikuwa na malalamiko. Niliona nimepata msomaji makini kupita wote.

Usiku mmoja nilipita karibu na baraza alikoalikwa, nikamsikia akiusoma utenzi uleule. Mahadhi yalikuwa mengine na mwendo ulikuwa wa kasi. Beti kadhaa zilirukwa, nyingine zikarudiwa mara mbili na tatu, na wasikilizaji walimtangulia kuvitamka vina vya mwisho. Penye neno gumu alisimama, akatoa mfano wa jirani aliyekuwapo pale barazani, watu wakacheka, kisha akaendelea.

Siku ya pili nilimwambia, "Mzee, jana usiku hukusoma kama unavyonisomea mimi." Akanijibu, "Mwanangu, wale walikuja kusikia. Wewe umekuja kuandika." Nikamwuliza ni usomaji upi ulio sahihi. Swali hilo lilimshangaza. "Yote ni yangu," akasema, akafungua chuo chake tukaendelea tulipoachia.

Jibu lile nililiandika pembeni mwa daftari, nikalisahau. Tasnifu yangu ikaeleza kwa kirefu namna tenzi zinavyosomwa katika mji ule. Leo, nikiisoma tena, naona kwamba nilichokieleza ni namna tenzi zilivyosomwa mbele yangu. Hayo ni mambo mawili, na tofauti yake ndiyo mada ya mhadhara huu.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtafiti anapoingia katika karakana ya fundi, au katika chumba cha mwandishi, ili aichunguze kazi yake, je, anachokiona ni kazi ile ile iliyokuwapo kabla hajabisha hodi? Nitalijadili kwa kutumia historia ya kazi moja, yaani kazi ya kunakili miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kuanzia takriban mwaka 1880 hadi 1940. Nimeichagua kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita urithi wa fasihi ya kale ya Kiswahili imetufikia kupitia mikono ya watu wachache walioandika kwa ajili ya watafiti. Ikiwa kuwapo kwa mtafiti kuliigeuza kazi yao, basi jambo hilo linatuhusu sisi sote tunaofundisha, tunaohariri na tunaonukuu maandishi hayo.

2. Mtazamaji na Anayetazamwa

Suala hili si geni katika taaluma nyingine. Mfano unaotajwa zaidi unatoka Marekani, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago. Kuanzia mwaka 1924 hadi 1932 yalifanyika pale majaribio ya kuchunguza mambo yanayoongeza au kupunguza kazi ya wafanyakazi: mwanga wa taa, mapumziko, urefu wa siku ya kazi. Ilisemekana baadaye kwamba kazi iliongezeka kila hali ilipobadilishwa, hata pale ilipobadilishwa kwa ubaya, kwa sababu wafanyakazi walijua kwamba wanatazamwa. Mwaka 1958 Henry Landsberger aliyarejea majaribio hayo, na jina la kiwanda kile likawa jina la athari yenyewe.

Katika isimujamii, William Labov alilieleza tatizo hilo kwa namna ya kitendawili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtafiti wa lugha anataka kujua watu wanavyozungumza pale wasipochunguzwa, lakini hana njia ya kuyapata mazungumzo hayo isipokuwa kwa kuwachunguza.

Hata hivyo, mifano hii miwili ina upungufu kwa ajili yetu. Kwanza, habari za Hawthorne zenyewe zilitiwa chumvi. Takwimu za majaribio ya mwanga zilipochambuliwa upya na Steven Levitt na John List, na matokeo kuchapishwa mwaka 2011, ilionekana kwamba simulizi maarufu haikuungwa mkono na takwimu kwa kiwango kilichodhaniwa. Hilo ni onyo kwetu tusimpe mtazamaji uwezo asiokuwa nao. Pili, mifano hii inamchukulia mtafiti kuwa ni jicho tu. Katika upwa wetu mtafiti hakuwa jicho peke yake. Alikuwa na fedha mkononi, na alikuja kununua. Kwa hiyo inafaa tumtazame kama wenyeji walivyomtazama, yaani kama mteja.

3. Kazi ya Mnakili Kabla ya Kuja kwa Mtafiti

Miji ya visiwa vya Lamu, yaani Pate, Siyu na Lamu yenyewe, ilikuwa na utamaduni mkongwe wa kuandika. Siyu ilisifika kwa misahafu iliyonakiliwa na kupambwa kwa mkono. Pate ilikuwa na washairi wa kasri: Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo bin Athumani mwaka 1728, ulitungwa kwa agizo la mfalme wa Pate. Utunzi na unakili, basi, tangu zamani zilikuwa kazi zenye mwenye kuagiza na mwenye kuagizwa. Hakukuwa na wakati ambapo mnakili aliandika kwa ajili ya hewa tupu.

Lakini wateja wa zamani walikuwa watu wa aina moja kwa jambo moja muhimu: waliijua lugha, na mara nyingi waliujua hata utenzi wenyewe. Hali hii ilionekana katika maandishi. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Haina kwa asili herufi za sauti kama p, v, na ch. Katika maandishi ya kale herufi be ilibeba sauti za b, p na mb kwa pamoja, na nazali inayotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa kabisa. Neno moja lingeweza kusomwa baba au papa, na msomaji ndiye aliyeamua kutokana na mizani, kina na maana. Hili halikuwa kosa la mnakili. Mswada ulikuwa msaada wa kumbukumbu kwa mtu ambaye tayari ana kitu kichwani, na yule asiyekuwa nacho aliketi chini ya mwalimu akasomeshwa.

Kwa hiyo nakala ya Utendi wa Mwana Kupona, kwa mfano, ilikuwa na kazi yake katika nyumba za Lamu. Bibi huyo aliutunga mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, na wanawake waliendelea kuusoma na kuusomeshana kama wasia wa mama. Katika matumizi kama hayo nakala haikuhitaji kueleza mtunzi ni nani wala maneno yake yana maana gani. Watu wa nyumba walijua.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 hali ya kazi hii ilianza kuwa ngumu. Misahafu na vitabu vilivyopigwa chapa Bombay na Cairo vilienea pwani. Unguja nako, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alianzisha matbaa. Serikali za kikoloni zilileta shule na hati ya Kirumi. Huko Lamu, uchumi wa waungwana, ambao kwa sehemu kubwa ulitegemea jasho la watumwa mashambani, ulidhoofika, na mwaka 1907 utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya. Nyumba zilizokuwa zikiagiza misahafu, milango ya nakshi na tenzi zilipungukiwa. Ni katika wakati huo, mnakili alipokuwa akipoteza wateja wake wa kale, ndipo mgeni alipobisha hodi.

4. Mteja Mpya

Miongoni mwa wageni wa mwanzo alikuwa W. E. Taylor, mmishonari wa Kiingereza aliyekaa Mombasa katika miaka ya 1880 na baada yake. Mwaka 1891 alichapisha mkusanyo wa methali za Kiswahili. Msaidizi wake mkubwa alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mwanachuoni wa Mombasa. Ni kwa juhudi za Mwalimu Sikujua kwamba mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalikusanywa kutoka vinywani mwa watu na kuandikwa. Shairi la Muyaka lilikuwa neno la siku: la kumjibu hasimu, la kumtania rafiki, la kuitetea Mombasa. Lilipita kinywani hadi kinywani likiambatana na tukio lake. Sasa yalihitajika mashairi yote kwa pamoja, kwa mfuatano, na kila shairi na maelezo yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1940, mashairi hayo yalitolewa Johannesburg na William Hichens kwa jina la diwani. Muyaka hakuacha diwani. Diwani ilizaliwa kutokana na swali la mgeni na kumbukumbu ya mwenyeji.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa mnamo mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mtu wa fani nyingi: mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchongaji wa mbao, mpigaji wa kinanda na mjuzi wa ngoma. Alifanya kazi na wamishonari wa Kijerumani waliokuja Lamu, akawasomesha lugha. Alice Werner, aliyefika Afrika Mashariki kati ya mwaka 1911 na 1913 na baadaye kuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu huko London, alipata kwake maandishi na maelezo. Hichens, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kabla ya kuwa mhariri wa fasihi ya Kiswahili, aliandikiana naye barua na kupokea nakala kutoka kwake. Katika miaka ya 1936 na 1937 Ernst Dammann na mkewe Ruth walikaa Lamu wakasoma tenzi pamoja na Kijuma, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka themanini na ushei. Matokeo yake ni kitabu kikubwa cha tungo za Kiamu kilichotolewa Hamburg mwaka 1940. Leo nakala za Kijuma zimo katika maktaba za London na Berlin, na mtu akitaka kuhariri utenzi wa kale wa Kiamu ni vigumu asikutane na mkono wake.

Maisha na kazi za Kijuma zilichunguzwa kwa kina na Mohamed Abou Egl katika tasnifu yake ya London ya mwaka 1983, na Gudrun Miehe pamoja na Clarissa Vierke walitoa mwaka 2010 kitabu kizima juu ya maandishi yake. Mimi sina nyongeza katika wasifu wake. Ninachotaka ni kuuliza: kazi yake ilibadilika wapi alipopata mteja wa aina hii?

5. Kilichobadilika

Naona mabadiliko katika mambo matatu.

La kwanza ni uteuzi. Kijuma alikuwa mtu wa mji wake na wa zama zake. Alitunga nyimbo za mashindano, alifundisha ngoma, alijua maneno yaliyokuwa yakitupwa mitaani wiki ile. Lakini wateja wake wa Ulaya, kwa jumla, walitaka vya kale: Inkishafi, Mwana Kupona, Mikdadi na Mayasa, habari za Fumo Liyongo. Walikuja wakiamini kwamba fasihi hiyo inakaribia kupotea na kwamba wajibu wao ni kuiokoa. Imani hiyo haikuwa ya uongo, lakini ilikuwa na bei yake. Kilichokuwa cha jana kilipata thamani, na kilichokuwa cha leo hakikuulizwa sana. Hivyo maktaba zetu zinatuonyesha Lamu ya mwanzo wa karne ya 20 kana kwamba watu wake walishughulika na akhera na mashujaa tu.

La pili ni hati yenyewe. Nakala ambayo inakwenda London haitakutana na mwalimu huko. Ni lazima ijieleze yenyewe. Alama za irabu haziwezi kuachwa, jina la mtunzi linahitajika, mwaka unahitajika, na maneno mazito yanahitaji tafsiri pembeni. Mapambo nayo yanaongezeka thamani, kwa sababu macho ya mgeni hufurahia nakshi kabla hajaweza kusoma mstari. Yale ambayo katika baraza yalikaa vichwani mwa watu yalihamia katika karatasi. Mswada ulioandikwa kuwa msaada wa kumbukumbu ukawa kitabu kinachotaka kujitosheleza. Tukizitazama nakala hizi safi leo na kusema, "Hivi ndivyo Waswahili walivyokuwa wakiandika," tunafanya kosa lile lile nililolifanya mimi katika tasnifu yangu.

La tatu, na zito zaidi, ni mipaka kati ya kunakili na kutunga. Katika desturi ya kale mnakili stadi hakuwa mashine. Aliposahihisha ubeti uliopinda mizani au kujaza palipoliwa na mchwa alihesabiwa kuwa amefanya wema. Kijuma, akiwa mshairi, aliandika utenzi mmoja mara kadhaa kwa wateja mbalimbali, na nakala hazikulingana neno kwa neno. Watafiti nao walikuwa wamelelewa katika taaluma inayotafuta matini moja ya asili. Wakazilinganisha nakala kana kwamba ni mashahidi waliotengana, na mhariri mmoja akachukua beti huku na beti kule ili apate utenzi mkamilifu. Inkishafi imechapishwa katika matoleo yasiyolingana kwa idadi ya beti. Hichens aliutoa mwaka 1939 ukiwa na beti 79, na wengi tuliusoma hivyo shuleni, kama kwamba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mwenyewe ndiye aliyezihesabu.

Utenzi wa Liyongo ni mfano mwingine. Habari za shujaa huyo ni za kale. Edward Steere alizichapisha kwa nathari mwaka 1870 kutokana na simulizi alizozisikia Unguja, na zipo nyimbo za gungu zinazonasibishwa na Liyongo mwenyewe. Lakini utenzi tunaousomesha ni wa Kijuma, na ni wa mwaka 1913. Aliutunga mtu aliyekuwa akishirikiana na wageni waliokuwa na shauku ya kuijua historia ya pwani, naye aliyapanga masimulizi yaliyotawanyika akayafanya kuwa hadithi moja yenye mwanzo na mwisho. Mwanahistoria anayeuchukua utenzi huo kuwa ushahidi wa zama za Liyongo anakosea kwa karne kadhaa. Na mwalimu anayeuita sauti ya jadi isiyo na mwenyewe anamdhulumu Kijuma, kwa kumnyang'anya kazi yake na kuigawa kwa watu wote.

Hapa ndipo dhuluma ilipo, kwa maoni yangu. Mara nyingi tunapozungumzia athari ya mtafiti tunaogopa kwamba ameichafua mila safi. Hofu hiyo humgeuza fundi kuwa chombo: kioo kilichokuwa safi kikatiwa vumbi. Kijuma hakuwa kioo. Alielewa kila mteja anataka nini, akampa, na ndani ya kumpa akaweka ustadi na hukumu yake mwenyewe. Kazi alizowafanyia wageni ni sehemu halali ya fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20. Tukizisoma kama kivuli cha karne ya 18 tunapoteza mambo mawili: karne ya 18 hatuipati, na karne ya 20 tunaitupa.

6. Mizani ya Uwezo

Ni lazima pia tukiri kwamba mnunuzi na muuzaji hawakukaa juu ya mkeka mmoja. Wakati wenyewe ulikuwa wa ukoloni. Mwenzake Kijuma wa upande wa kusini, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka karibu na Bagamoyo, alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900. Sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ni kazi yake, lakini jina lililosimama kwenye jalada ni la Velten. Mtoro alidharauliwa na wanafunzi wake wa Kijerumani akaacha kazi, na alipotaka kurudi kwao na mkewe Mjerumani alizuiwa kushuka pamoja naye, ikambidi arejee Berlin, alikofia mwaka 1927. Mtu anayeandika habari za watu wake chini ya masharti kama hayo huchagua maneno. Anajua nani atasoma, na nani ana uwezo wa kumkasirikia. Tukiisoma sura yoyote ya kitabu kile, iwe ya ngoma, ya uganga au ya sheria, inafaa tuulize imejibu swali gani, na nani aliyeliuliza.

7. Je, Tunamtukuza Mtafiti Kupita Kiasi?

Msikilizaji mwenye busara anaweza kunipinga hapa. Anaweza kusema kwamba ninamweka Mzungu katikati ya historia ambayo si yake, kama wale waliotia chumvi habari za Hawthorne. Lamu haikumngoja Werner ili iandike. Kijuma alikuwa stadi kabla hajamjua mgeni yeyote, na mji wake ulimjua zaidi kwa milango, kinanda na ngoma kuliko kwa nakala zilizopanda meli.

Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana nimesisitiza habari za mfalme wa Pate. Mteja wa Ulaya aliingia katika nafasi iliyokuwapo tayari, nafasi ya mwenye kuagiza. Mnakili alimpokea kwa desturi alizorithi: alimpigia hesabu ya kazi, alimwandikia kwa unadhifu, alimsalimia kwa maneno ya heshima. Jipya halikuwa agizo. Jipya lilikuwa kwamba mwagizaji huyu hakuwa akiutaka utenzi kwa ajili ya kuusoma matangani au kumpa bintiye. Aliutaka uwe mfano wa tenzi zote. Kijuma aliandika nakala moja kwa mtu mmoja, na mtu yule akaichapisha kuwa ushahidi wa mila ya watu wote. Uzito huo haukutoka katika kalamu ya Kijuma. Tuliuongeza sisi wasomaji baadaye.

8. Mafunzo kwa Utafiti wa Leo

Mabibi na mabwana, yapo mambo ya kutenda yanayotokana na historia hii.

Jambo la kwanza ni kwamba kila toleo jipya la utenzi wa kale lieleze nakala iliyotumika iliandikwa na nani, kwa ajili ya nani, lini, na kwa agizo la namna gani. Barua za waandishi na wateja wao zisiachwe kuwa kazi ya wapenda wasifu tu. Ni sehemu ya matini. Katika vyuo vyetu tunayo makusanyo makubwa. Orodha ya miswada na kanda za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa tangu mwaka 1970, na mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanza na swali hilo moja kwa kila mswada uliomo.

Jambo la pili ni kwamba nakala zilizobaki majumbani, zilizochakaa na zisizo na nakshi, zisidharauliwe. Nakala yenye irabu pungufu, yenye madoa ya mafuta ya taa na alama za vidole, ndiyo iliyosomwa. Mhariri huipa nafasi ya mwisho kwa sababu inamtaabisha. Lakini kwa mwanahistoria wa kazi ya unakili ndiyo inayoonyesha mnakili alivyomwandikia jirani yake.

Jambo la tatu linatuhusu sisi tunaoingia majumbani mwa watu leo na vinasa sauti, kamera na fomu za ridhaa. Fomu ile, kabla hata ya swali la kwanza, imekwisha kumwambia mzee kwamba kitakachosemwa ni kizito. Hatuwezi kuifuta athari hiyo, na wala kujificha nyuma ya pazia ili tumsikie bila yeye kujua si adabu wala si taaluma. Tunachoweza ni kuiandika. Tuandike tulimwomba nini, tulimpa nini, nani alikuwapo, na alibadilisha nini alipotuona. Hasa tumwulize yeye mwenyewe, kwa sababu fundi huijua tofauti hiyo kuliko sisi.

9. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika upwa wetu mtafiti hakuichungulia kazi ya mnakili kutoka dirishani. Aliingia ndani akawa mteja wake, wakati ambapo wateja wengine walikuwa wakipungua, na kazi ikajipanga kumwelekea: katika kilichochaguliwa, katika namna kilivyoandikwa, na katika mpaka kati ya nakala na utungo. Nimedai pia kwamba jambo hili si sababu ya kuzitupa nakala hizo. Ni sababu ya kuzisoma kama tunavyosoma barua, kwa kumtafuta mwandikaji na mwandikiwa.

Yule mzee wa ujana wangu alifariki miaka mingi iliyopita. Daftari bado ninalo. Katika kurasa zake mia na kitu umo utenzi mzima, kipande kwa kipande, kwa utulivu ambao hakuna jirani yake yeyote aliyewahi kuusikia. Nilikusudia kuuchapa ukiwa na jina lake kama msimulizi. Nitakapouchapa, nitaongeza ukurasa mmoja mwanzoni, niseme kwamba hivi ndivyo alivyoniandikisha mimi, na kwamba barazani aliusoma vingine. Sina kanda ya usiku ule. Ninayo sentensi moja pembeni mwa daftari, na naona kwamba katika maandishi yangu yote ya mwaka ule hiyo ndiyo iliyokaribia zaidi kuieleza kazi yake.